Kaka yuko tayari kulipia titi jipya, lakini anataka iwe sasa

Shangazi,

Naomba unisome mpaka mwisho, maana nyumbani kila mtu anaanza kunijibu kabla sijamaliza kusema.

Nina miaka 43, nauza vitenge soko la Kadutu, nina bwana na watoto wanne. Mwaka jana walinipata na kansa ya titi la kushoto. Sasa niko kwenye shimio, zile dawa kali za kuua kansa, huko Kigali, navuka Ruzizi kila wiki ya tatu, nalala huko, narudi. Dawa inafanya kazi, uvimbe umepungua. Shimio ikiisha watanitoa titi lote pamoja na mitoki, yaani tezi za kwapani, halafu nitapigwa mionzi. Daktari ameshasema mionzi haiepukiki kwa sababu ugonjwa ulikuwa umefika kwapani.

Kaka yangu mkubwa yuko Ubelgiji. Aliposikia habari alilia kwenye simu. Baada ya siku chache akapiga tena, mpango mzima umeshakamilika kichwani mwake: atalipa kila kitu, niende India, wanitoe titi na kuniwekea lingine la silikoni siku ileile. Anasema Ulaya ndivyo wanavyofanya, mwanamke analala na titi, anaamka na titi. Ila anataka iwe sasa, kwa sababu hela iko sasa. Mwaka kesho hajui.

Bwana yangu hasemi neno. Nikimuuliza ananijibu, “Mimi nataka upone tu.” Sijui kama hilo ni jibu au ananikwepa. Mama mkwe amesema mbele ya watu, “Mungu amekuachia uhai, na wewe bado unamdai titi?” Wifi yangu yeye anasema mwanaume hakai na mwanamke wa titi moja, na kwamba badala ya India niende hospitali ya Panzi hapa Bukavu, pale wanatengeneza wanawake walioharibika. Jirani yangu sokoni kaniambia silikoni inaamsha kansa iliyolala.

Mimi mwenyewe nayumba. Asubuhi nikijifunga kitenge mbele ya kioo naweka mkono juu ya titi la kushoto, nalibana mpaka kifua kiwe bapa, naangalia. Siku nyingine naona nitaweza kuishi hivyo. Siku nyingine natoa mkono haraka. Na kuna kazi: marobota ya vitenge nayabeba na kuyapanga mwenyewe, mgongo na mabega ndivyo vinavyolisha watoto.

Nifanye sasa, ningoje, au niache kabisa? Na kaka nimjibu nini bila kumvunja moyo? Amenisomesha, sitaki aone nimetupa mkono wake.

Mama Amani (si jina langu), Bukavu


Mama Amani, mwanangu,

Pole. Pole kwa ugonjwa, na pole kwa kelele zilizouzunguka.

Nikupe jibu kwanza, sababu zifuate. Kwa jinsi ulivyoeleza hali yako, usiwekewe kifuko cha silikoni siku ya kutolewa titi. Maliza shimio, fanyiwa upasuaji, pigwa mionzi yako yote. Kama utajenga titi jingine au hutajenga, hilo utaliamua baadaye ukiwa umetulia, hata baada ya miaka kadhaa. Daktari wako ndiye mwenye neno la mwisho juu ya mwili wako, kwa hiyo haya ninayokuandikia mpelekee yeye pia.

Sababu kubwa ni mionzi. Mwili ukiingiziwa kitu kisicho chake hukizungushia utando. Hiyo ni kawaida, na kwa wanawake wengi utando unabaki laini. Ila mionzi ikipigwa juu yake, mara nyingi unakakamaa, unajikunja, unakibana kile kifuko. Titi linakuwa gumu, linavutwa juu, linauma. Ngozi iliyopigwa mionzi nayo haipitishi damu kama zamani, ikichubuka inachelewa kupona. Ndiyo maana madaktari wengi, wakijua mgonjwa ana mionzi mbele yake, humshauri asubiri. Kaka yako anasema kweli kwamba Ulaya wapo wanaotengenezwa siku hiyohiyo, na wapo wanaofanyiwa hivyo hata kama mionzi inawangoja. Lakini huyo wa Ulaya anaishi karibu na hospitali iliyompasua. Kidonda kikitoa usaha usiku, asubuhi yuko mbele ya daktari wake. Wewe ukirudi kutoka India na mrija wa kutolea maji ubavuni, nani Bukavu atakuwa na faili lako, na nani atakuwa tayari kukitoa kifuko alichokiweka mtu mwingine?

Kuna kubaya zaidi. Kidonda kikifunguka au kikiingia vijidudu, mionzi haiwezi kuanza mpaka kipone. Ugonjwa uliokwisha kufika kwapani unahitaji mionzi hiyo ije kwa wakati wake, wiki chache baada ya kovu kushika. Ukinilazimisha nichague kati ya kifua kizuri mapema na mionzi kwa wakati, sihitaji hata dakika moja kufikiri, na naamini kaka yako naye hatahitaji akielezwa hivyo.

Sasa tuseme umengoja na bado unataka titi. Baada ya mionzi kuisha, kwa kawaida wanaacha miezi 6 hadi 12 ngozi itulie. Kwa kifua kilichopigwa mionzi, mara nyingi madaktari hupendelea kutumia nyama ya mwenyewe kuliko silikoni peke yake. Hapo ndipo nataka ufikirie marobota yako. Njia moja ni kuchukua ule msuli mpana wa mgongoni, unaoshuka kutoka chini ya kwapa, pamoja na ngozi yake, na kuuzungusha mbele. Ni msuli unaotumika kuvuta na kusukuma. Wanawake wengi wanarudi kwenye kazi za kawaida za nyumbani, lakini nguvu ya kunyanyua mzigo mzito hupungua kwa baadhi yao, na wewe mgongo wako ndio duka lako. Njia nyingine ni nyama ya tumboni. Ile ya zamani inachukua na msuli wa tumbo, na tumbo linaweza kubaki dhaifu au kutokeza ngiri. Ile mpya inachukua ngozi na mafuta tu, na vimishipa vya damu vinaunganishwa upya kifuani chini ya hadubini. Ni nzuri, ila inachukua saa nyingi mezani na inahitaji timu iliyoizoea kazi hiyo hasa. Kwa njia yoyote kati ya hizo, kubeba vitu vizito ni marufuku kwa wiki kadhaa.

Na kuhusu kulala na titi na kuamka na titi, nisikudanganye. Titi la kujengwa lina umbo, lakini hisia nyingi hazirudi. Chuchu inatengenezwa baadaye kwa upasuaji mdogo au inachorwa kwa rangi. Mara nyingi mtu anarudi mezani zaidi ya mara moja. Kifuko cha silikoni chenyewe si cha maisha yote. Wengi wanabadilishiwa ndani ya miaka 10 hadi 15, wengine mapema. Una miaka 43. Ukikiweka leo, uwezekano ni mkubwa kwamba utahitaji kupasuliwa tena, na safari hiyo kaka yako huenda amestaafu.

Jirani yako wa sokoni mtoe wasiwasi. Wanawake waliojengwa titi baada ya kansa wamefuatiliwa kwa miaka mingi, na ugonjwa hauwarudii zaidi kuliko wale waliobaki bila. Wala titi la kujengwa halimfichi daktari ugonjwa ukirudi, ilimradi uende kupimwa. Huenda alisikia habari nyingine: mwaka 2019 aina fulani za vifuko, zile zenye uso wa kukwaruza, ziliondolewa sokoni duniani kwa sababu zilihusishwa na kansa adimu ya mfumo wa mitoki, inayojitokeza kuzunguka kifuko. Hiyo si kansa ya titi iliyoamka. Lakini mwanamke yeyote anayewekewa kifuko aulize ni aina gani, na aitunze ile kadi anayopewa.

Wifi yako kuhusu Panzi. Hospitali ile na Daktari Mukwege, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, ni fahari yetu, na dunia inawajua kwa kuwatibu wanawake waliobakwa na wenye fistula. Kujenga titi ni upasuaji wa namna nyingine. Kwa hiyo popote utakapokwenda, Bukavu, Kigali au India, usiongozwe na sifa ya jengo. Uliza: nani hasa atakayenipasua? Amejenga matiti mangapi? Kikiharibika nitampata wapi?

Na kuna swali lingine la kumuuliza daktari wako, hata kama unadhani limeshajibiwa. Uvimbe umepungua kwa shimio, sasa bado ni lazima titi lote litoke? Zamani walikata kila kitu mpaka misuli ya kifua. Halafu ukafanyika utafiti mkubwa Italia na Marekani. Wanawake waliotolewa uvimbe tu kisha wakapigwa mionzi walifuatiliwa miaka 20, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2002 yakaonyesha waliishi sawasawa na waliotolewa titi zima. Wewe mionzi utaipata kwa vyovyote. Huenda daktari ana sababu nzuri ya kutoa lote: uvimbe uko sehemu mbili zilizo mbali, au ngozi imeshaguswa. Akikueleza sababu, ipokee. Ila umuulize.

Mama mkwe. Mwanangu, kutaka titi si kumdai Mungu. Mtu akivunjika meno ya mbele akaweka mengine, hakuna anayesema amekosa shukrani. Na kinyume chake pia: ukiamua kubaki bapa, hujajitupa. Anayejenga na anayebaki bapa, wote wawili wanamaliza matibabu yao na wanarudi kwa watoto wao. Huna haja ya kushindana na mama mkwe mbele ya watu. Mwambie kwa heshima, “Mama, niombee nimalize mionzi,” na mazungumzo ya titi yaishie hapo. Ni mama wa bwana yako, anastahili heshima yako. Kifua chako hakimo kwenye mahari.

Bwana yako anayesema anataka upone tu, mimi namsoma tofauti na unavyomsoma wewe. Wanaume wetu hawakufundishwa kusema “naogopa”. Lakini usiishi kwa kukisia, wala kwa maneno ya dada yake. Mwombe avuke nawe safari moja, aingie chumbani kwa daktari, aulize anayotaka kuuliza. Muulize swali jembamba zaidi: “Nikitolewa titi, utaweza kunisaidia kubadilisha bandeji?” Swali la hivyo linajibika. Wengine wanaanza kumuona mke wao upya hapo, wakishika pamba na maji ya chumvi, kuliko kwenye mazungumzo marefu ya kitandani. Na kama atashindwa mwanzoni, mpe muda. Kama kweli angekuwa mtu wa kuondoka kwa sababu ya titi, silikoni isingemzuia. Itakuwa umejipasulia mwingine.

Kuna kitu sijaona kwenye barua yako na huenda hakuna aliyekuambia. Kabla ya upasuaji mwambie daktari hivi: “Sijengi titi sasa. Naomba unishone niwe bapa vizuri, usiache ngozi iliyokunjana wala nyama ya ziada chini ya kwapa.” Wapasuaji wengine huacha ngozi ya akiba wakidhani utarudi kujengwa, halafu mwanamke anabaki na mikunjo inayomkera kila akivaa sidiria. Sema mapema, kovu litakaa vizuri zaidi, na bado kujengwa baadaye kutawezekana kwa nyama ya mgongo au ya tumbo.

Ukishapona, unaweza kushonewa titi la nguo, na wewe uko katikati ya vitambaa. Wiki za kwanza ni pamba laini tupu ndani ya singleti, lisiguse kovu kwa uzito. Daktari akikuruhusu uzito, chukua kitambaa cha pamba kilichofuliwa mpaka kikalainika, usichukue kitenge kipya, wanga wake unachubua. Kata mduara wenye mkia mfupi unaoelekea kwapani, maana titi halikai katikati ya kifua peke yake. Mwambie fundi wako wa sokoni akushonee mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine. Wa ndani ujaze mtama mkavu uliopepetwa, ukipima mkononi mpaka ulingane na titi la kulia. Bila uzito, sidiria inapanda upande mmoja siku nzima na bega linaanza kuuma. Wa nje uache na mdomo wa vifungo ili uutoe na kuufua, mtama usilowane. Ndani ya sidiria shona kimfuko cha kulishikilia, uweze kuinama kupanga vitenge bila kushika kifua. Likichoka unashona jingine. Wanaoweza kununua la silikoni la kuvaa nje wananunua, ni zito na linakaa vizuri, lakini kwenye joto la soko linatoa jasho.

Mkono wa kushoto uutunze kuliko titi. Wakishatoa mitoki, mkono unaweza kuvimba, hata baada ya miaka. Fanya mazoezi watakayokufundisha, anza siku watakayokuambia, usiuache ukaganda begani. Marobota uyarudie kidogokidogo, na mwanzoni kijana wa soko ayabebe. Ukiungua kwenye jiko la makala au ukijikata, safisha mara moja, na mkono ukiwa mwekundu na wa moto nenda kwa daktari siku hiyohiyo.

Nimebakiza hela ya kaka. Usiikatae. Mahitaji ni makubwa kuliko anavyojua. Mionzi ya hospitali ya Kanombe, pale Kigali, ni ya kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki tatu mpaka tano. Huwezi kupita msitu wa Nyungwe kila jioni kurudi Bukavu. Utahitaji chumba, chakula, mtu wa kukaa na watoto, na mtaji wa kuirudisha meza yako ukitoka. Baada ya hapo, kama vipimo vya kile kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe vilionyesha kansa yako inakula homoni, utameza kidonge kila siku kwa miaka 5, pengine 10. Kama ni ile aina inayoitwa HER2, kuna sindano za karibu mwaka mzima, na ni ghali sana. Muulize daktari vipimo hivyo vilisema nini, uandike jibu, umpelekee kaka pamoja na maneno haya. Badilisha utakavyo:

“Kaka, nimesikia, na sitasahau. Daktari anasema nina mionzi, na mionzi inaweza kuharibu titi la silikoni, kwa hiyo titi ningoje. Naomba hela uliyotenga inisaidie kwa mambo haya: chumba cha Kigali wiki za mionzi, dawa za baadaye, na watoto. Ikibaki, iweke. Mionzi ikiisha na mwaka ukipita, tutazungumza titi, na nitakuambia kama bado nalitaka. Safari ya India tuiache. Nitakupigia Jumapili baada ya ibada, bwana yangu akiwepo, utuulize lolote.”

Shangazi